Ujumbe wa Kosa Si Kazi ya Kidhibiti

Swali ni lilelile kila wanapokutana wanaojifunza kutengeneza programu za wavuti: ujumbe wa kosa uandikwe kwenye kidhibiti au kwenye mwonekano? Swali lenyewe lina kasoro, kwa kuwa ujumbe huo umebeba mambo matatu: kanuni iliyovunjwa, maneno ya kuieleza, na mahali pa kuyaonyesha. Trygve Reenskaug wa Norway alipobuni muundo wa modeli, mwonekano na kidhibiti (MVC) mwaka 1979, ujuzi wa jambo lenyewe aliukabidhi kwa modeli. Kanuni ni ujuzi, zikae humo.

Imani inayokera ni kwamba kidhibiti ndicho kinachopokea fomu, basi ndicho kiandike "Namba ya NIDA si sahihi." Chukua programu ya kusajili wakulima wa ufuta katika chama cha msingi, tuseme hapa Rutamba. Karani anajaza fomu ya wavuti, mkulima wa mbali anatuma SMS, na orodha ya msimu uliopita inapakiwa kwa faili la Excel. Njia tatu, vidhibiti vitatu, kanuni moja: namba ya NIDA ina tarakimu 20. Kanuni na maneno yake vikikaa kwenye kidhibiti, utavinakili mara tatu, na kile cha Excel ndicho husahaulika. Namba ya tarakimu 19 inapita kimyakimya, na mkulima anakuja kuambiwa hayumo siku ya malipo. Wengine hudaka kila kosa na kuandika "Hitilafu imetokea, jaribu tena." Hiyo si tiba hata kidogo! Karani atarudia namba ileile mpaka achoke, maana hakuna aliyemwambia imepungua tarakimu moja.

Wapo watakaopinga wakisema modeli haipaswi kujua Kiswahili. Ni kweli, na haihitaji. Irudishe msimbo na thamani: NIDA, pungufu, zinatakiwa 20, zimeletwa 19. Maneno yatoke kwenye faili la lugha, marefu kwa wavuti, ya ndani ya herufi 160 kwa SMS. Ukaguzi wa JavaScript nao ni msaada kwa anayejaza fomu tu, SMS haiupitii. Kidhibiti kibaki na makosa yake: ukurasa haupo, mtumiaji hana ruhusa.

Kwa Django, toa ValidationError yenye code na params, na uiite full_clean mwenyewe, kwa kuwa save haiiti. Kwa Rails, errors.add yenye alama, maneno kwenye config/locales. Kwa Laravel, kanuni kwenye darasa moja linalotumiwa na njia zote, maneno kwenye lang/sw/validation.php. Kidhibiti kirudishe 422, na mwonekano uweke ujumbe kando ya kisanduku chenye kosa, bila kufuta alichokwisha kuandika karani.