Tusimnyime Mzee Maji

Tunapowatembelea wazee wa usharika tunakuta shida ambayo wengi huinyamazia. Mama aliyekuwa hakosi ibada sasa hatoki nyumbani. Hajapoa katika imani. Anaogopa kulowa mbele za watu. Nyumbani nako, kwa nia njema, amepunguziwa maji ya kunywa ili asikojoe kitandani.

Sisi wauguzi tunawasihi: msimnyime maji. Mkojo mchache na mzito huchokoza kibofu. Choo nacho huwa kigumu na kukibana kibofu zaidi. Mzee apate kiasi cha lita 1.5 kwa siku, isipokuwa daktari amemwekea kipimo chake kwa sababu ya moyo au figo. Anywe zaidi mchana, na jioni apunguze, hasa chai na kahawa.

Kushindwa kuzuia mkojo si uzembe, wala si uzee tu. Huenda ni uambukizo wa njia ya mkojo, kisukari, tezi dume kwa wanaume, au dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo. Usimwachishe dawa, muulize daktari saa inayofaa kuzinywa. Mama anayetokwa na mkojo mfululizo, usiku na mchana, huenda ana fistula, nayo hutibiwa kwa upasuaji. Mwenye homa, maumivu, damu katika mkojo, au asiyeweza kukojoa kabisa, apelekwe hospitali mara moja.

Nyumbani tufanye hivi:

1. Tumkumbushe kwenda chooni kila baada ya saa 2 au 3, kabla hajabanwa.

2. Usiku tumwekee chombo karibu na kitanda, pawe na mwanga. Wazee huanguka wakikimbilia choo.

3. Mama anayelowa akikohoa au kucheka, abane misuli ya chini kana kwamba anazuia mkojo, ahesabu polepole hadi 5, kisha ailegeze. Arudie mara 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 au zaidi. Asikate tamaa mapema.

4. Akilowa, aoshwe, akaushwe vizuri na kupakwa mafuta ya mgando. Asikemewe mbele ya wajukuu.

Mzee hatasema mwenyewe. Tumwulize faraghani, kwa upole: "Mama, mkojo unakusumbua?" Na Jumapili tumwachie nafasi karibu na mlango, tumwonyeshe choo kilipo.