Maji ni ya Mungu, Mfereji Una Gharama

Mkazi wa Mfaranyaki, Lizaboni au Bombambili akifungua bomba, maji yakatoka, hajiulizi yametoka wapi. Hujiuliza siku yasipotoka. Siku hiyo lawama zote humwangukia fundi wa mamlaka ya maji, na pengine kwa haki. Lakini maji hayaanzii kwenye bomba. Mji wetu wa Songea hunywa maji ya Mto Luhira, na Luhira huanzia katika milima ya Matogoro. Huko huko ndiko unakoanzia Mto Ruvuma, ambao husafiri kilometa zipatazo 800 hadi Bahari ya Hindi, na kwa sehemu kubwa ya safari hiyo ndio mpaka wetu na Msumbiji.

Ndugu msikilizaji, wiki hii tuulizane swali moja: chemchemi, mto na mfereji wa zamani hutunzwa na nani, na kwa fedha ya nani? Swali hili si la wataalamu peke yao. Nchini mwetu kazi hiyo imewekwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa vikundi vya wananchi: jumuiya za watumia maji, vyombo vya maji vya vijiji na mashirika yasiyo ya kiserikali. Hivi ni vyombo vinavyoshika fedha. Na wahenga walikwisha kutuonya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Mfereji wa ukoo

Tusidhani kwamba utawala wa maji uliletwa na wafadhili. Wachagga wa Kilimanjaro walichimba mifereji yao, wanayoiita mifongo, muda mrefu kabla ya Mjerumani kufika. Mfongo ulitolewa mtoni juu kabisa, ukapitishwa kwenye kingo za makorongo hadi kwenye vihamba vya migomba na ulezi. Wapare nao walikuwa na mabwawa yao madogo, ndiva, yaliyokusanya maji usiku ili yagawanywe mchana.

Mfongo ulikuwa na serikali yake. Ukoo uliouchimba ndio uliotoa msimamizi. Yeye ndiye aliyepanga zamu, na ndiye aliyepiga mbiu mfereji ulipobomoka au kujaa matope. Aliyetaka maji alitakiwa afike na jembe. Asiyefika alitozwa faini, aghalabu pombe au mbuzi, na akikaidi alinyimwa zamu. Hapakuwa na benki wala hati ya ukaguzi, lakini kila mtu alimwona mwenzake kazini, na kila mtu alijua zamu ya leo ni ya nani. Hesabu zilikuwa wazi kwa sababu mchango wenyewe ulikuwa jasho.

Hata hivyo tusiusifu utaratibu huo kupita kiasi. Wanawake hawakuwa na sauti katika mambo ya mfongo, ingawa ndio waliobeba maji kichwani. Na mwenye ukoo mkubwa hakukosa zamu nzuri. Ila jambo moja lilikuwa thabiti: mwenye kutumia ndiye aliyetunza.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mpango wa kuboresha mifereji hiyo ya asili ulianzishwa kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi, na baadaye ukawa shirika la Kitanzania. Hapo saruji ilichukua nafasi ya udongo na magogo. Saruji ni nzuri, lakini hainunuliwi kwa jasho. Mfereji wa udongo ukibomoka, kijiji hutoka na majembe. Mfereji wa saruji ukipasuka hutakiwa fedha taslimu, na palipo na fedha taslimu pana mweka hazina. Matatizo mengi tunayoyasikia leo yanaanzia hapo.

Kutoka maji ya bure hadi mfuko wa maji

Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Maji yalikuwa ya bure. Pampu zilifungwa, matangi yakajengwa, na nyingi zikafa kwa kukosa dizeli na vipuri. Sera ya maji ya mwaka 1991 ikaleta lugha mpya ya wananchi kuchangia. Sera ya mwaka 2002 ikaenda mbali zaidi, ikataka watumiaji wa vijijini wabebe gharama zote za kuendesha na kutengeneza miradi yao.

Kisha zikaja sheria. Sheria Namba 11 ya mwaka 2009 ya usimamizi wa rasilimali za maji iliweka bodi za mabonde, na sisi tukawa chini ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini. Sheria hiyo inaruhusu wanaotumia chanzo kimoja kuunda jumuiya ya watumia maji, ili wagawane maji, walinde chanzo, wasuluhishe ugomvi, na hata wakusanye ada za maji kwa niaba ya bodi ya bonde. Sheria Namba 5 ya mwaka 2019 nayo ikaanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ambao chini yake viko vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii.

Msikilizaji asichanganye hivi viwili. Jumuiya ya watumia maji hulinda mto na kugawa maji yake. Chombo cha maji cha jamii huendesha bomba na kuuza ndoo. Kwingine wanakijiji ni wale wale, lakini daftari linatakiwa liwe mbalimbali. Kikundi cha tatu ni shirika lisilo la kiserikali linalopanda miti na kuomba misaada. Hilo lina msajili wake, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yanalitaka litoe hadharani taarifa zake za mwaka zilizokaguliwa. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kikundi chochote cha mazingira ni hili: mmesajiliwa chini ya sheria ipi? Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha taarifa ya fedha inapelekwa kwa nani.

Mifuko mitatu

Fedha za chombo cha namna hii zina mifuko mitatu. Anayeichanganya huzamisha mradi hata kama hakuiba senti.

Mfuko wa kwanza ni wa kila siku: posho ya mlinzi wa chanzo, dizeli au umeme, nauli ya kwenda wilayani. Mfuko wa pili ni wa kesho. Bomba, banio na tangi vina umri, na siku vitakapokufa hakuna atakayeuliza kama mna fedha. Mfuko wa tatu ni wa mfadhili, na hauna ruhusa ya kufanya kazi nyingine isipokuwa ile uliyoombewa. Fedha iliyotolewa ya miche ni ya miche.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijiji kina kaya 200, na kila kaya hutakiwa kutoa shilingi 1,000 kwa mwezi. Kwa karatasi hizo ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka. Nusu ya kaya zikilipa, zinabaki 1,200,000. Mlinzi akilipwa 60,000 kwa mwezi, huyo peke yake anakula 720,000. Usafiri, daftari na marekebisho madogo yakila 400,000, zinasalia 80,000. Tuseme banio la saruji la shilingi milioni nane lina umri wa miaka 20. Ili kulijenga upya kijiji kingetakiwa kuweka 400,000 kila mwaka. Kinaweka 80,000. Hapo hakuna mwizi, mwenyekiti ni mtu safi, mkutano unapiga makofi kwa kuwa kuna salio. Kumbe mradi unakufa polepole mbele ya macho ya wote.

Ndiyo maana salio si ushahidi wa afya. Salio linaweza kuwa fedha ya banio ambayo haijaliwa bado.

Waingereza na mifereji yao

Wapo watakaosema haya ni matatizo ya umaskini wetu. Tuvuke bahari kidogo. Waingereza walichimba mifereji mingi ya mashua kati ya miaka ya 1760 na 1830, kubeba makaa ya mawe na bidhaa za viwanda. Reli na barabara zikaipokonya kazi, na baada ya vita ikawa mali ya Serikali. Mwezi Julai 2012 Serikali ilikabidhi mifereji na mito ya Uingereza na Wales, yenye urefu wa kilometa zipatazo 3,200, kwa shirika la hisani liitwalo Canal & River Trust.

Shirika hilo halikukabidhiwa mifereji mitupu. Lilipewa nyumba na viwanja vya kuwekeza, na ahadi ya ruzuku ya Serikali kwa miaka 15, hadi mwaka 2027. Mapato mengine ni leseni za mashua, maegesho, kodi za majengo na michango. Ruzuku ilikuwa kama robo ya mapato. Mwaka 2023 Serikali ilitangaza ruzuku ya miaka kumi inayofuata, takriban pauni milioni 400 kwa jumla, na shirika likapiga kelele kwamba, ukitoa kupanda kwa bei, hilo ni punguzo la zaidi ya pauni milioni 300.

Utawala wake je? Wadhamini husimamia bila mshahara. Juu yao lipo baraza lenye kazi ya kuwateua wadhamini hao, na baadhi ya wajumbe wake huchaguliwa, wakiwamo wawakilishi wa wenye mashua. Na hapo ndipo penye ugomvi. Wenye mashua ni wachache, lakini ndio wanaolipa leseni. Mamilioni wanaotembea kando ya mfereji hawalipi kitu. Mwaka 2024 mashua zisizo na maegesho ya kudumu zilipoongezewa ada, wenyewe walilalamika kwamba wanabebeshwa mzigo wa wote.

Na gharama ya kuchelewesha matengenezo waliionja. Agosti 2019, baada ya mvua kubwa, njia ya kupunguzia maji ya bwawa la Toddbrook, lililojengwa miaka ya 1830 kulisha mfereji, ilibomoka juu ya mji mdogo wa Whaley Bridge. Watu wapatao 1,500 walihamishwa, na helikopta ya jeshi ikashusha mamia ya tani za mawe kuziba pengo. Uchunguzi ulionyesha kwamba njia hiyo haikusanifiwa vizuri, na matengenezo yake kwa miaka mingi yalikuwa ya kusuasua. Haya yametokea katika nchi tajiri, kwenye shirika lenye wakaguzi, mainjinia na mapato ya zaidi ya pauni milioni 200 kwa mwaka.

Tujifunze nini? Kwanza, chombo kinachokabidhiwa mali ya zamani lazima kikabidhiwe na chanzo cha mapato. Kukabidhi mfereji bila mfuko ni kukabidhi mgonjwa bila dawa. Pili, ruzuku ina mwisho, hata ya serikali tajiri. Tatu, anayelipa na anayefaidika wasipokuwa watu wale wale, lazima pawe na meza ya kuwakutanisha.

Turudi Matogoro

Hilo la tatu ndilo letu. Mkulima wa kando ya mto anaambiwa na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 asifanye shughuli zenye kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ni sawa, maana bonde likilimwa mto unakufa. Lakini mita hizo 60 kwake ni mahindi, ni mboga, ni ada ya shule. Sisi wa mjini tunapata maji kwa yeye kutolima. Je, amekaa nasi kwenye meza moja? Mamlaka ya maji inayochota mtoni hulipia kibali chake kwa bodi ya bonde. Ni haki ya mnywaji maji kuuliza ni sehemu gani ya ada kama hizo inayorudi mlimani ikiwa mche, mzinga wa nyuki au posho ya mlinzi.

Kwa wale walio ndani ya vikundi, yapo mambo machache yasiyohitaji mfadhili. Fedha ziwekwe benki, kwa saini za watu zaidi ya mmoja ambao si ndugu. Mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila baada ya miezi mitatu, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Mifuko ile mitatu iandikwe mbalimbali. Mjumbe mwenye duka la saruji atoke nje ya kikao siku ya kuamua saruji inunuliwe wapi. Uongozi uwe na kikomo. Wanawake wawe kwenye kamati, na si kwa ajili ya kupika chai ya kikao, bali washike hata daftari la fedha, maana bomba likikauka miguu inayotembea ni yao. Na wa chini ya mto wakae pamoja na wa juu, kwa sababu wa juu akifunga, wa chini hana la kusema isipokuwa kupigana.

Na sisi wa mjini tuache tabia ya kuulizia maji siku yanapokatika tu. Taarifa ya fedha ya kikundi kinacholinda chanzo cha maji yetu ni habari yetu, kama ilivyo bei ya mahindi. Yule msimamizi wa mfongo hakuwa na kalamu, lakini hakuna aliyethubutu kumuuliza "kazi ilifanyika lini?", maana wote walikuwapo. Sisi tuna kalamu, tuna sheria, tuna wakaguzi. Kilichobaki ni kuwapo.

Hadi wiki ijayo.