Muuza samaki aliyeanzisha tiba ya kunyoosha uti wa mgongo

MNAMO Septemba 18, 1895, mfagizi aliyeitwa Harvey Lillard aliingia katika chumba cha kazi cha Daniel David Palmer, katika jengo la Ryan mjini Davenport, jimbo la Iowa nchini Marekani. Lillard, Mmarekani mweusi, alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kusikia kwa muda wa miaka 17. Alimweleza Palmer kwamba siku moja, akiwa ameinama katika kazi ya sulubu mahali pa kubanana, alihisi kitu kimefyatuka mgongoni na papo hapo masikio yakaziba.

Palmer alimpapasa, akakuta pingili moja ya uti wa mgongo imejitokeza kuliko zile nyingine. Alimlaza kifudifudi, akaisukuma pingili hiyo kwa mkono mara moja, kwa nguvu na kwa ghafla. Muda si muda, kwa maelezo ya Palmer mwenyewe, Lillard akasikia kama zamani. Hiyo ndiyo siku ambayo wafuasi wa tiba iitwayo kairopraktiki huihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa taaluma yao.

Hivyo ndivyo kisa kinavyosimuliwa katika vitabu vya wafuasi. Lillard mwenyewe, katika ushuhuda uliochapishwa Januari 1897 katika jarida la Palmer, alisema alitibiwa mara mbili ndipo akasikia vyema. Binti yake, miaka mingi baadaye, alikuwa na simulizi tofauti kabisa: kwamba babake alikuwa akimpigia rafiki yake mzaha ukumbini, Palmer akautokea mzaha huo, akacheka na kumpiga Lillard mgongoni kwa kitabu alichokuwa amekishika, siku chache baadaye Lillard akasema anasikia nafuu. Msomaji ataamua mwenyewe ni ipi iliyo karibu zaidi na ukweli. Lisilobishaniwa ni kwamba tangu siku hiyo Palmer hakuwa tena mtu yule yule.

Palmer alikuwa nani? Alizaliwa Machi 7, 1845 karibu na Toronto, katika eneo ambalo sasa ni mkoa wa Ontario nchini Canada, na akavuka mpaka kuingia Marekani mwaka wa 1865 pamoja na kaka yake kutafuta riziki. Hakusomea udaktari katika chuo chochote. Alifundisha shule za vijijini, akafuga nyuki na kupanda matunda aina ya rasiberi huko New Boston, jimbo la Illinois, kisha akafungua duka la vyakula na kuuza samaki wadogo wa rangi ya dhahabu wanaofugwa katika mabakuli ya kioo. Ni maisha ambayo wengi wetu tunayafahamu: mtu ana akili na bidii, lakini kila mlango anaobisha unafunguka nusu.

Mlango uliofunguka wote ulikuwa wa uganga. Katika miaka ya 1880 Wamarekani wengi waliamini kwamba ndani ya mwili wa binadamu mna nguvu mfano wa sumaku, na kwamba mtu aliyejaliwa anaweza kuihamisha kwa mikono yake hadi kwa mgonjwa. Wazo hilo lilitokana na daktari Franz Anton Mesmer, aliyevuma jijini Vienna na Paris karne moja kabla. Palmer aliingia kazi hiyo karibu mwaka wa 1886 na akaifanya kwa takriban miaka tisa. Alikuwa na wateja tele.

Hapa ndipo tabia yake inapojitenga na ya walaghai wa kawaida, ambao hawakuwa haba wakati huo. Palmer alikuwa msomaji mkubwa wa vitabu vya maumbile ya mwili, na kulikuwa na swali lililomnyima usingizi: mbona watu wawili wanaofanya kazi katika karakana moja, wakala katika meza moja na kuvuta hewa ile ile, mmoja anaugua na mwenzake ni mzima? Wenzake wa tiba ya sumaku hawakujali kuliuliza. Hata madaktari wenye shahada wa enzi hiyo, wengi wao wakiwa bado wanatoa dawa zenye zebaki, hawakuwa na jibu la kuridhisha. Ni swali zuri, na hadi leo wanasayansi wanaolijibu hutaja kinga ya mwili, urithi, umri, lishe na mengineyo mengi.

Jibu la Palmer lilikuwa moja tu. Alidai kwamba pingili za uti wa mgongo zikiteguka hata kidogo, huzibana neva zinazochipuka kutoka katika uti huo, na kiungo kinachohudumiwa na neva hiyo huugua. Kwa hesabu yake, asilimia 95 ya magonjwa yote yalitokana na pingili zilizoteguka, na asilimia tano zilizosalia na maungio mengine ya mwili. Rafiki yake, Mchungaji Samuel Weed, alimtungia jina mwaka wa 1896 kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya mkono na kutenda. Mwaka uliofuata Palmer akafungua shule, ambayo ingalipo Davenport kwa jina la Palmer College.

Kasoro ya nadharia hiyo iko katika kisa chenyewe cha Lillard. Neva ya kusikia hutoka katika sikio la ndani na kuingia ubongoni bila kutoka nje ya fuvu la kichwa. Haipiti mgongoni. Kwa hiyo hata tukikubali kwamba Lillard alipata nafuu, njia aliyoitaja Palmer haiwezi kuwa ndiyo iliyomletea nafuu hiyo. Aidha, Palmer hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Daktari Andrew Taylor Still, aliyepoteza watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo mwaka wa 1864 na kukata tamaa na dawa za wakati wake, alikuwa tayari amefungua shule yake ya tiba ya mifupa na misuli huko Kirksville, Missouri, mwaka wa 1892. Wafuasi wa Still walimshutumu Palmer kwa wizi wa mawazo. Naye Palmer, ambaye hakuwa mnyenyekevu, alikiri kuwa kurudisha mifupa mahali pake ni sanaa ya maelfu ya miaka. Alichojivunia ni kuwa wa kwanza kutumia vichomozi vya pingili kama wenzo wa kuzisogeza.

Dola haikupendezwa. Mwaka wa 1906 alipatikana na hatia ya kutibu watu bila leseni, akatakiwa kulipa faini ya dola 350 au afungwe siku 105. Alichagua jela, akitaka kuonekana shahidi wa imani yake, lakini baada ya siku 23 akalipa faini na kutoka. Alikuta mambo yamebadilika. Shule ilikuwa mikononi mwa mwanawe, Bartlett Joshua, ambaye alimnunua babake na kumwondoa. Mzee akahamahama kati ya Oklahoma, Oregon na California akifungua shule nyingine, na mwaka wa 1910 akachapisha kitabu kikubwa cha nadharia zake, ambamo wapinzani, mwanawe akiwemo, wanapata kichapo kikali. Alifikia hata kutafakari kuigeuza kairopraktiki iwe dini ili ilindwe na katiba dhidi ya sheria za udaktari. Alipinga chanjo. Alifariki Oktoba 20, 1913 jijini Los Angeles kwa homa ya matumbo, ugonjwa ambao chanzo chake ni bakteria katika maji na chakula.

Mwana alikuwa mfanyabiashara stadi kuliko baba. Aliingiza mashine ya eksirei shuleni mwaka wa 1910, na mwaka wa 1922 akamiliki kituo cha redio cha WOC, alichokitumia kuinadi tiba hiyo. (Ni katika kituo hicho ambapo kijana mmoja aitwaye Ronald Reagan alipata kazi yake ya kwanza ya utangazaji mwaka wa 1932.) Jimbo la Kansas lilipitisha sheria ya kuitambua taaluma hiyo mwaka wa 1913, la mwisho, Louisiana, likafanya hivyo mwaka wa 1974.

Siku hizi wahudumu wengi wa kairopraktiki hujitambulisha kuwa watabibu wa mtu mzima, yaani wanaomtazama mgonjwa kama mwili, nafsi na mazingira yake pamoja. Palmer hakulijua neno hilo la Kiingereza. Lilibuniwa mwaka wa 1926 na mwanasiasa wa Afrika Kusini, Jan Smuts, miaka 13 baada ya Palmer kufa. Hata hivyo, fikira ilikuwepo. Palmer alifundisha kwamba mwili una akili yake ya asili inayouongoza, na kazi ya tabibu ni kuiondolea vizuizi tu. Ukimsikiliza mganga wa kienyeji akisema damu ya mgonjwa "imefungwa", utaona kwamba hawa wawili wangeelewana bila mkalimani.

Madaktari wa Marekani nao walivuka mpaka katika kuipiga vita. Mwaka wa 1963 chama chao kikuu, AMA, kiliunda kamati ya kupambana na matabibu bandia, na wanachama wakakatazwa kushirikiana na watu wa kairopraktiki. Chester Wilk wa Chicago na wenzake walikishtaki mwaka wa 1976. Mwaka wa 1987 Jaji Susan Getzendanner aliamua kwamba chama hicho kilikuwa kimekula njama ya kuiangamiza taaluma ya wengine kinyume cha sheria ya ushindani wa kibiashara. Ni vyema ieleweke kuwa jaji huyo hakusema kwamba tiba hiyo inaponya. Alisema tu kwamba si haki kumziba mshindani mdomo.

Je, inaponya? Jibu linategemea ugonjwa. Kwa maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, tafiti nyingi zimeonyesha kuwa kusukumwa pingili huleta nafuu ya kiasi, takriban sawa na ile inayoletwa na mazoezi au tiba ya viungo. Chama cha madaktari wa tiba ya ndani nchini Marekani kiliiweka mwaka wa 2017 miongoni mwa tiba zisizo za dawa zinazofaa kujaribiwa kwanza, na mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) likaitaja katika mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya mgongo. Hilo si jambo dogo. WHO inakadiria kwamba watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu hayo mwaka wa 2020. Sisi tunaoinamia kurasa za magazeti hadi usiku hatuhitaji takwimu kulisadiki.

Kwa pumu, kisukari, shinikizo la damu, masikio ya watoto au saratani, hakuna ushahidi wa kutegemewa. Mwandishi wa sayansi Simon Singh aliposema hivyo kuhusu maradhi ya watoto katika gazeti la Guardian mwaka wa 2008, chama cha kairopraktiki cha Uingereza kilimshtaki kwa kukiharibia jina. Kesi ikaondolewa mwaka wa 2010, na mjadala uliozuka ukachangia kubadilishwa kwa sheria ya kashfa ya nchi hiyo mwaka wa 2013.

Ule mlio wa "ko!" unaosikika mgonjwa akinyooshwa nao huwapoteza wengi. Mfupa haujarudi mahali pake. Maungio yana uteute wa kuyalainisha, na yanapovutwa ghafla uwazi wa gesi hujitokeza ndani ya uteute huo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Canada walilishuhudia jambo hilo mwaka wa 2015 walipovuta vidole vya mtu ndani ya mashine ya kupiga picha. Mlio si kipimo cha kupona, na kutosikika kwake si ishara kwamba tiba imefeli.

Kwetu, kazi hii ilikuwepo kabla ya Palmer kuzaliwa. Pwani na bara kuna wakandaji na waunga mifupa walioirithi kwa wazee wao, na mwendeshaji bodaboda aliyeanguka huenda akapelekwa kwao kabla ya kufikishwa hospitalini. Wahudumu wa kairopraktiki wenye shahada ni wachache nchini na huduma yao haipatikani kwa bei ya mwananchi wa kawaida. Barani Afrika taaluma hiyo inafundishwa katika vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg. Mwongozo wa WHO wa mwaka wa 2005 unataka mwanafunzi asiye na mafunzo ya awali ya udaktari asome si chini ya saa 4,200 kwa miaka minne. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka wa 2017 inatambua tiba za kienyeji na tiba mbadala, na kutaka pawe na sera na chombo cha kuzisimamia. Wataalamu wa tiba ya viungo wana baraza lao kwa mujibu wa sheria ya mwaka wa 2014, na hao wanapatikana katika hospitali nyingi za umma.

Anayekusudia kunyooshwa mgongo na yeyote kati ya hao ana haki ya kumwuliza alisomea wapi, ana kibali cha nani, na atahitaji kurudi mara ngapi. Anayekutaka ulipie vikao 40 kabla hajakugusa, mwache. Anayekuambia uache dawa za presha au za sukari, mkimbie. Shingo nayo yahitaji hadhari ya pekee: imeripotiwa, ingawa kwa nadra, kwamba baada ya kuzungushwa kwa ghafla ateri ya shingo ilichanika ndani na mgonjwa akapata kiharusi.

Kuna pia maumivu ya mgongo ambayo hayafai kukandwa wala kunyooshwa na mtu yeyote kabla ya daktari kuyachunguza: yanayofuata ajali au kuanguka, yanayoandamana na homa, jasho la usiku au kukonda, kwani kifua kikuu hushambulia uti wa mgongo pia, yanayompata mtu aliyewahi kuugua saratani, na yale yanayoleta udhaifu wa miguu, ganzi katikati ya mapaja, au kushindwa kuzuia mkojo na haja kubwa. Mwenye dalili hizi za mwisho apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.