Je, Wajua? Bingwa wa Go Aliyerekebisha Kalenda ya Japani

Je, wajua kwamba kalenda ya kwanza iliyotungwa na Mjapani ilitoka mikononi mwa mchezaji stadi wa ubaoni?

Shibukawa Shunkai, aliyezaliwa Kyoto mwaka 1639, alikulia katika nyumba ya Yasui, mojawapo ya familia nne zilizolipwa na serikali ili zicheze Go mbele ya shogun, mtawala wa kijeshi. Katika Go, wachezaji wawili hupanga kete nyeusi na nyeupe kwenye makutano 361 ya mistari. Kituo cha katikati huitwa tengen, yaani kitovu cha mbingu.

Mwaka 1670, Shibukawa alifungua mchezo kwa kuweka kete yake papo hapo katikati, mithili ya nyota ya kaskazini inayozungukwa na nyingine zote. Mpinzani wake, Honinbo Dosaku, alimshinda kwa pointi 9.

Mbinguni kwenyewe alifanikiwa. Japani ilikuwa ikifuata kalenda moja ya Kichina tangu mwaka 862, na baada ya miaka 800 kalenda hiyo ilikuwa imepishana na jua kwa siku 2. Shibukawa alijaribu kalenda nyingine ya Kichina, lakini mwaka 1675 hesabu zake za kupatwa kwa jua zikakosea. Hakukata tamaa. Alipima upya, akazingatia umbali wa Japani mashariki mwa China.

Kalenda yake, Jokyo, ilianza kutumika mwaka 1685, naye akawa mwanaastronomia wa kwanza rasmi wa shogun.