Kisichochorwa Kimefungwa

Pikipiki ya theluji haina magurudumu. Mbele ina skii mbili za kuiongoza, na nyuma mkanda mpana wa mpira unaozunguka kama wa katapila. Haihitaji barabara. Theluji ikishafunika vichaka, mawe na vijito, msitu mzima unageuka uwanja, na dereva anaweza kukata kulia au kushoto popote moyo unapomtuma. Ndiyo maana Wamarekani wamebishana kwa zaidi ya miaka 50 kuhusu wapi mashine hii iruhusiwe kupita katika ardhi ya umma.

Ardhi hiyo ni kubwa mno. Misitu ya taifa peke yake ina takriban hekta milioni 78, mbali na hifadhi za taifa na nyanda za malisho, na kila aina ina msimamizi wake na kanuni zake. Sehemu moja haina mjadala mrefu: mapori yaliyotengwa chini ya sheria ya mwaka 1964 hayaingiwi na chombo chenye injini, isipokuwa pale sheria yenyewe ilipoacha mlango. Ugomvi uko kwenye ardhi iliyobaki.

Mwaka 1972 Rais Nixon alitoa amri iliyozitaka idara zote za ardhi zichague maeneo na njia za vyombo hivi kwa namna ya kupunguza madhara kwa udongo, mimea, wanyama na watumiaji wengine. Mwaka 1977 Rais Carter akaongeza makali: msimamizi akiona madhara makubwa, afunge eneo mara moja. Maneno yalikuwa wazi. Hata hivyo, Idara ya Misitu ilipoandika kanuni yake mwaka 2005, ililazimisha kila msitu kupanga njia za magari na pikipiki za kawaida, lakini vyombo vya theluji ikaviacha kwa hiari ya wakuu wa misitu. Hoja yake ilikuwa kwamba mashine inayopita juu ya theluji ya kutosha haigusi udongo.

Hoja hiyo ina chembe ya ukweli. Tairi huchimba tope na kuacha makovu ya miaka. Theluji ikiyeyuka, alama ya mkanda huyeyuka nayo. Lakini kuifanya hoja hiyo msingi wa kanuni ni kusahau kwamba theluji nayo ni makazi. Chini kabisa, inapokutana na ardhi, huwa kuna uwazi mdogo ambamo joto halishuki sana chini ya nyuzi 0 hata juu kukiwa na baridi kali. Humo panya wa porini hupitisha majira yote ya baridi. Mashine ikipita, theluji inagandamana, uwazi unabanwa, na baridi inapenya. Paa na swala wakubwa wa kule, ambao majira hayo huishi kwa mafuta waliyojiwekea mwilini, wakikimbia kelele hupoteza nguvu wasizoweza kuzirudisha hadi majani yachipue. Halafu kuna ‘wolverine’, jamaa wa nyegere anayeishi milimani kwenye baridi: jike huchimba pango ndani ya theluji nzito na kuzaa humo, wakati uleule waendeshaji wanapoitafuta theluji nzito. Tangu mwaka 2023 mnyama huyo anahesabiwa kuwa hatarini katika majimbo ya Marekani nje ya Alaska.

Watetezi wa watembea kwa skii walikwenda mahakamani huko Idaho. Mwaka 2013 mahakama ya shirikisho ikaamua kwamba amri ya rais haikuacha hiari. Mwaka 2015 ikaja kanuni mpya, na ndani yake mna badiliko ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Zamani sehemu nyingi zilihesabiwa wazi mpaka atokee mtu wa kuzifunga. Sasa kila msitu wenye theluji ya kutosha unatakiwa kuchora ramani ya vyombo vya theluji, na kisichochorwa kuwa wazi kimefungwa. Mzigo wa kueleza umehama: anayetaka eneo lifunguliwe ndiye mwenye kutoa sababu. Nadhani ni haki hivyo, kwa kuwa mnyama aliye chini ya theluji hana wa kumsemea.

Kazi imekwenda polepole, na misitu mingi haijamaliza ramani zake. Baadhi huongeza sharti la kina cha theluji, kwa mfano inchi 12, yaani sentimita 30 hivi, kabla ya mtu kuacha njia. Ni sharti la busara, kwani theluji nyembamba haiwakingi miche wala udongo.

Yellowstone ilichagua njia tofauti. Humo pikipiki za theluji hupita tu kwenye barabara ambazo majira ya joto hupitwa na magari, na kwa idadi. Kanuni ya mwaka 2013 iliweka kikomo cha misafara 110 kwa siku, mabasi ya theluji yakiwemo, na isiyozidi 50 kati yake ndiyo ya pikipiki. Msafara huwa na kiongozi, na injini lazima zitimize viwango vya moshi na kelele.

Alaska mambo yamegeuka kabisa. Sheria ya mwaka 1980 inaruhusu mashine hizi hata ndani ya hifadhi na mapori yaliyotengwa, kwa shughuli za jadi na kwa safari za kwenda na kurudi vijijini. Vijiji vingi havina barabara ya kuviunganisha na mji wowote, na mashine hii ndiyo hupeleka mwindaji porini, kuni nyumbani na mgonjwa zahanati. Kumnyima mtu wa huko ingekuwa kumfungia mlango. Ila sheria hiyo nayo ina sharti: theluji iwe ya kutosha, au mto uwe umeganda. Kwa watu wa kando ya mto Kuskokwim, barafu ndiyo barabara yao kuu ya majira ya baridi, na mwaka inapochelewa kushika, ruhusa wanayo lakini hawana pa kupita.