Mkilua Usifukuzwe Uani

Wahenga walinena: mcheza kwao hutunzwa. Lakini katika nyua zetu za Dar es Salaam, mkilua haujapata tunzo hiyo. Waridi, ambalo hata jina lake tumelipokea kutoka Kiarabu, hununuliwa kwa fedha na kumwagiliwa asubuhi na jioni. Mkilua, mzaliwa wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, hukatwa bila ya mtu kuuliza.

Twasema haya kwa kuwa tumeyaona. Huko Buguruni, katika nyumba moja ya Kiswahili isiyo mbali na soko, ulikuwapo mkilua karibu na karo, chini ya kivuli cha mwembe. Wapangaji wote wakichuma vilua vyake. Mwenye nyumba alipotaka kuongeza vyumba viwili vya kupangisha, mwembe uliangushwa, na mkilua ukang'olewa siku hiyo hiyo. Hatumlaumu mtu kwa kutafuta riziki. Tunalosikitikia ni kwamba hakuna aliyekumbuka kutenga japo mbegu chache kabla ya shoka.

Mkilua ni mti mdogo, jamaa ya mtopetope. Maua yake ya manjano iliyofifia hayashindani na waridi kwa sura, bali harufu yake hudumu hata yakisha kunyauka. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanalijua hilo vyema, kwani vilua hufungwa katika kikuba pamoja na asmini na rehani. Wataalamu nao wamekiri. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt, wa bustani ya Kew huko Uingereza, alipoutenga mti huu katika jenasi yake ya pekee, hakwenda kuazima jina Ulaya. Aliiita Mkilua, kwa Kiswahili chetu.

Wapo watakaouliza: ya nini maua mahali ambapo hata mchicha hauna nafasi? Swali hili ni la haki, hasa kwetu sisi tulioitikia wito wa Siasa ni Kilimo mwaka 1972. Jibu letu ni kwamba mchicha hutaka jua, na mkilua ni mti wa chini ya miti mikubwa, huridhika na kivuli. Pembe ya ua isiyootesha mboga yaweza kuuhifadhi. Asiye na ardhi na atwae debe, alitoboe chini, alijaze udongo wenye majani yaliyooza, kisha apande mbegu zilizotoka katika tunda bivu zikiwa bado mbichi. Baada ya hapo kinachotakiwa ni maji na subira, kwani mti huu hauna pupa.

Lakini miche isiibwe msituni. Misitu ya pwani imekwisha punguzwa na mkaa na mashamba; anayeng'oa huko ili apambe kwake anabomoa ghala ili ajaze kibaba.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa mitaa na wa halmashauri wautie mkilua katika vitalu vya miche, na shule ziupande penye vivuli vyao. Nanyi ndugu wa Visiwani mlioutunza, tugawieni mbegu, kwa kufuata taratibu za ukaguzi wa mimea. Na kabla hujajenga chumba kingine uani, ewe mwenye nyumba, chuma kwanza matunda.