Lami Humfuata Nani? Utafiti wa Siasa na Ugavi wa Rasilimali Nchini Kenya

Aghalabu mwananchi aulizwapo kwa nini eneo moja lina lami na jingine vumbi, hujibu kwamba wale walikuwa na mtu wao Ikulu. Kauli hiyo husalia tuhuma hadi ipimwe, na kuipima ndiyo kazi ya utafiti wa siasa.

Mnamo 2015, Robin Burgess na wenzake wanne (wote wanauchumi, lakini mipaka ya taaluma isitutishe) walichapisha utafiti kuhusu ujenzi wa barabara nchini Kenya kati ya 1963 na 2011. Walilinganisha mgao wa fedha wa kila wilaya na idadi ya wakazi wake, kisha wakatazama kabila la rais aliyetawala. Wilaya zilizokaliwa zaidi na watu wa kabila lake zilipata maradufu ya fedha za barabara, na urefu wa lami iliyojengwa ukawa mara tano. La kuzingatiwa zaidi ni kwamba katika vipindi vya demokrasia upendeleo huo ulitoweka. Kabila peke yake, basi, halitoshi kuwa maelezo. Muhimu ni iwapo mtawala anaweza kugawa bila kuulizwa.

Isitoshe, si kila pengo huletwa na upendeleo wa mtu. Waraka wa Kikao Nambari 10 wa 1965 ulielekeza uwekezaji kwenye maeneo yenye rutuba na mvua, na nyanda kame za kaskazini zikaachwa nyuma kwa mujibu wa sera. Hata kanuni inayoonekana ya haki huweza kupunja. Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge ilipoanzishwa mwaka 2003, robo tatu ya fedha iligawanywa sawasawa kwa maeneo bunge 210, ilhali wakazi wa Embakasi waliwazidi wa Lamu Mashariki kwa mbali mno.

Katiba ya 2010 iliunda kaunti 47, nasi tukazoea kulinganisha kaunti kwa kaunti. Wastani wa kaunti huficha wadi. Mwanafunzi atakaye kuichunguza kaunti yake na achukue bajeti yake, ripoti ya Mkaguzi Mkuu na sensa ya 2019. Ahesabu visima vilivyochimbwa kwa kila wakazi elfu moja wadi kwa wadi, kisha aweke kando yake kura alizopata gavana katika kila wadi.